Pedali ya breki inazama mteremkoni, gari likipoa inarudi

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha. Naendesha mkonga, yaani Toyota Land Cruiser, wenye injini ya dizeli ya 1HZ, umerefushwa, umenyanyuliwa inchi mbili na kufungwa springi nzito, matairi 285/75R16. Mbele ni diski, nyuma ni dramu. Wiki iliyopita nilikuwa na wageni sita tunatoka Karatu. Kwenye kona za juu ya Mto wa Mbu pedali ikaanza kulegea, kisha ikagusa sakafu. Nilijiokoa kwa gia na handibreki. Tulipumzika Mto wa Mbu kama nusu saa, pedali ikarudi kama kawaida mpaka Arusha. Gereji wameshabadilisha masta silinda mara mbili na kufunga pedi mpya mbele, na hawaoni mahali panapovuja. Bado nikitoka ukingoni Ngorongoro kushuka geti la Lodoare naisikia inalegea. Bosi anasema ni uendeshaji wangu. Nifanye nini? (Dereva, Sakina)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kwanza kabisa, gari hilo lisipande tena Ngorongoro na wageni mpaka kazi ninayoieleza hapa iishe. Mwambie bosi hivyo. Suala la uendeshaji wako nitalifikia mwishoni, maana bosi naye ana robo ya ukweli.

Masta mbovu haiponi kwa kupumzishwa nusu saa Mto wa Mbu, na paipu iliyotoboka haijizibi yenyewe. Breki ikiharibika kwa joto na kupona kwa baridi, mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya breki yaliyochemka. Mafuta hayo hayashindiliki, ndiyo maana nguvu ya mguu wako inafika kwenye kalipa, ile koleo inayobana pedi kwenye diski, bila kupotea njiani. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa ndani ya bomba la sindano: unasukuma, unasukuma, mbele hakitoki kitu. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa kimiminika, pedali inapanda, na fundi anayelipokea gari kesho yake asubuhi haoni chochote cha kulaumu. Hapo ndipo masta inapouzwa. Masta imekuwa kifaa cha kubadilisha pale fundi asipojua abadilishe nini.

Kuna tatizo jingine linalofanana na lako kwa jina tu. Pedali inabaki juu, ngumu kama jiwe, unakanyaga kwa miguu yote miwili na gari linaendelea kwenda, huku harufu ya kuungua imejaa ndani. Hapo mafuta ni mazima, ni pedi za diski na lainingi za dramu zilizozidiwa na joto mpaka hazishiki tena. Madereva huyaita yote mawili "breki zimefeli", na gereji nyingi huanza kufungua nati kabla ya kuuliza pedali ilikuwa ngumu au laini. Wewe umesema laini, tena iligusa sakafu, kwa hiyo tubaki hapo.

Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, na DOT 4 yasichemke chini ya 230. Hiyo ni chupa mpya. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, hata kupitia mipira ya breki. Yakifikisha maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika kwa DOT 3 kinashuka hadi 140, na kwa DOT 4 hadi 155. Kalipa ya mbele ya gari zito kwenye mteremko mrefu inafika huko bila shida.

Sasa waulize gereji swali moja: walipofunga masta mpya, walitoa mafuta mpaka mapya yakaonekana yakitoka kwenye magurudumu yote manne, au walitoa upepo tu mpaka pedali ikasimama? Kwa kawaida ni hilo la pili. Kikombe cha juu kinang'aa kwa mafuta mapya, huku kwenye kalipa na kwenye paipu ndefu ya nyuma yamebaki yaleyale ya zamani, meusi kama kahawa. Fungua nipo (kile kichwa kidogo cha kutolea mafuta na upepo) ya kalipa ya mbele, kinga kwenye chupa nyeupe, utaona mwenyewe.

Ukiwa hapohapo, fungua mfuniko wa kikombe cha masta na utazame mpira wake. Ukiwa umevimba, umejikunja na haukai tena kwenye nafasi yake, kuna mtu aliwahi kujaza oili ya injini, ya gia au ya pawa stelingi. Oili ya namna hiyo huvimbisha mipira ya breki yote, na hapo hakuna njia ya mkato: mipira yote ya masta, kalipa, wili silinda za dramu na hozi inabadilishwa na paipu zinaoshwa. Ingeeleza pia kwa nini masta ya kwanza haikudumu. Lakini nadhani hutakuta hilo.

Kubadilisha mafuta kutakupunguzia hatari, ila hakujibu swali kubwa: kwa nini breki za mbele zinapata moto kiasi hicho? Hapa ndipo nataka ulale chini ya gari, kwa sababu mambo mawili uliyoyataja kwa kupita, kunyanyua gari na springi nzito, ndiyo ninayoyashuku kuliko yote.

Tazama juu ya eksili ya nyuma, upande wa ndani wa chesesi. Kama waliorefusha gari hawakuitoa, utaona vali ndogo ya chuma iliyofungwa kwenye chesesi, ina paipu za breki zinazoingia na kutoka, na chini yake kuna fimbo inayoshuka mpaka kwenye eksili. Vitabu vya Toyota huiandika LSPV. Mimi naiita vali ya mzigo. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likijaa watu, chesesi inashuka kuelekea eksili, fimbo inasukumwa juu, vali inaachia breki za nyuma mafuta mengi zaidi. Gari likiwa tupu, fimbo inashuka na vali inabana, ili matairi ya nyuma yasijifunge na mkia ukakuzunguka kwenye utelezi.

Gari lako limenyanyuliwa inchi mbili, yaani kama sentimita 5. Chesesi imepanda, eksili imebaki chini, fimbo imevutwa chini nayo. Vali inaamini gari ni tupu siku zote. Halafu mkafunga springi nzito, kwa hiyo hata wageni sita na mizigo yao wakipanda, gari halishuki kiasi ambacho kiwanda kilikitarajia, na fimbo haipandi. Kwa hiyo umebeba watu sita, friji, tairi mbili za spea na tenki la ziada, na breki za nyuma zinapewa mgawo wa gari linalorudi tupu. Kazi yote imeangukia diski mbili za mbele. Zinafanya kazi ya magurudumu manne, zinapata moto, mafuta yaliyochoka yanachemka.

Kulithibitisha ni rahisi. Pakia gari uzito kama wa safari, mifuko ya mchanga inatosha, kisha tafuta barabara tulivu na usimame kwa breki za kawaida mara kadhaa mfululizo kutoka kilomita 60 kwa saa. Egesha palipo tambarare, weka kuni au mawe kwenye matairi, halafu pima joto la diski za mbele na dramu za nyuma kwa kile kipimajoto cha kuelekeza mwanga. Kama huna, nyunyiza matone machache ya maji kwa vidole, usiguse kwa mkono. Mbele maji yakiruka na kutoa "tsss" huku dramu za nyuma zikilowa tu na kukauka polepole, nyuma hakufanyi kazi ya maana. Mbele kuwa moto zaidi ni kawaida kwa gari lolote. Lisilo la kawaida ni dramu za nyuma kubaki vuguvugu kwenye gari lililojaa.

Dawa ya vali ya mzigo ni kuirudishia kimo chake. Wanaojua kazi hii hunyanyua kishikio cha fimbo kilichoko kwenye eksili kwa kiasi kilekile gari lilichonyanyuliwa, au hufunga kiungo kirefu zaidi, ili fimbo ikae kwenye pembe aliyoiacha Toyota. Baadaye inarekebishwa kidogo kwa nati yake kwa sababu ya springi nzito, huku mtu anapima presha ya mafuta mbele na nyuma kwa geji zinazofungwa kwenye nafasi za nipo. Kazi yenyewe haichukui siku nzima. Angalia pia kama fimbo inacheza. Magari yanayolala kwenye vumbi la Ndutu na tope la ukingoni hukuta vali imeganda kabisa, na hapo kunyanyua kishikio hakusaidii kitu, inabadilishwa.

Utaambiwa mjini kwamba dawa nyepesi ni kuitoa vali na kuunganisha paipu moja kwa moja. Usikubali. Ni kweli gari lenu likiwa na wageni litasimama vizuri, tena gari refu huinamia mbele kidogo kuliko fupi linapofunga breki, kwa hiyo nyuma kunaweza kubeba kazi zaidi. Lakini kuna siku utarudi peke yako, gari tupu, mvua ya Aprili, ule udongo mwekundu wa ukingoni umekuwa sabuni. Hapo matairi ya nyuma yakijifunga kabla ya mbele, mkia unaenda bondeni.

Kabla hujaenda kwa fundi wa vali, kuna vitu vinavyoweza kuleta joto peke yake. Nyanyua kila gurudumu kwa jeki, mtu akanyage breki na kuachia, kisha uzungushe kwa mkono. Likiwa zito, fungua nipo ya gurudumu hilo kidogo. Likilegea papo hapo, presha ilikuwa imefungiwa: mara nyingi ni hozi ya mpira iliyooza ndani, inapitisha mafuta kwenda lakini hairuhusu kurudi, ingawa nje inaonekana nzima. Magurudumu yote yakiwa mazito kwa pamoja, tazama masta na fimbo inayoisukuma, hasa baada ya kufungwa masta mpya isiyorekebishwa. Likibaki zito hata baada ya kufungua nipo, pistoni ya kalipa imeganda kwa vumbi. Nyuma tazama ule mkono mdogo wa handibreki ulioko kwenye bamba la dramu. Hukaa nje penye matope, ukishika kutu haurudi na lainingi hubaki zikisugua.

Lainingi za dramu zikilegea kupita kiasi pedali nayo inakuwa chini, kwa sababu inabidi mafuta mengi yaende kabla lainingi hazijagusa dramu. Tofauti ni kwamba hiyo iko asubuhi na jioni, baridi na moto, na ukipampu mara mbili inapanda. Kuna na beringi za mbele. Zikilegea, diski inayumba na kuzisukuma pedi nyuma, hivyo baada ya kipande kibaya cha barabara ya Serengeti pedali ya kwanza inakuwa chini na ya pili ni nzima. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, kaza beringi kwanza kabla hujafikiria breki.

Ili masta ya tatu isinunuliwe bure, ipime. Injini ikiwa imezimwa, pampu pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu, halafu ishikilie kwa dakika nzima, kwanza kwa nguvu ya kawaida, kisha kwa kuigusa tu. Jaribio la kugusa tu ndilo wengi hulisahau, na ndilo linaloonyesha mpira wa masta unaopitisha kidogokidogo. Ikizama, masta inapitisha au kuna mahali panavuja. Isipozama, masta ni nzima, mwache muuzaji wa spea apumzike. Ukiwa bado umeikanyaga, washa injini: pedali inatakiwa ishuke kidogo, hiyo ni busta, kile kifaa kinachousaidia mguu wako, inaingia kazini. Isiposhuka, kagua pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya oltaneta kwenye 1HZ na mpira wake mpaka kwenye busta.

Busta hailegezi pedali, inaifanya iwe ngumu, kwa hiyo si yenyewe inayokusumbua. Ila jua kwamba inafanya kazi kwa kutegemea mgandamizo wa hewa ya nje. Ukingoni Ngorongoro, kama mita 2,300 juu ya bahari, mgandamizo huo ni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na Dar es Salaam, na msaada wa busta unapungua nao. Matairi makubwa yanaongeza shida: kutoka 265/70R16 kwenda 285/75R16 kimo cha tairi kinaongezeka kwa zaidi ya asilimia 7, na nguvu ya breki inayofika barabarani inapungua karibu kiasi hicho. Hakuna kati ya hayo litakalokuangusha peke yake.

Turudi chini ya gari, kwa sababu limerefushwa. Paipu ya breki ya nyuma ilibidi irefushwe pia, na hapo nimeona mambo ya kutisha: paipu ya shaba ya friji, kiungo cha kubana kwa nati ambacho fundi bomba hukitumia kwenye maji, paipu inayoning'inia bila vishikio na kusugua chesesi. Shaba tupu ikitikiswa miaka kwenye barabara za makorongo inakakamaa na kupasuka. Paipu ya breki inatakiwa iwe ya chuma cha breki au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, mdomo wake ukunjwe mara mbili, na ishikwe kwenye chesesi kila baada ya sentimita 30 hivi. Ukikuta kiungo cha kubana, kikatwe leo.

Nyanyua chesesi mpaka magurudumu ya nyuma yaning'inie, kisha tazama hozi ya katikati inayoshuka kwenye eksili. Ikiwa imevutika kama kamba ya kuanikia nguo, siku tairi litakapoingia kwenye shimo itakatika. Fanya hivyo mbele pia huku mtu akizungusha usukani mwisho hadi mwisho. Gari lililonyanyuliwa linahitaji hozi ndefu zaidi au kishikio kishushwe. Usiruhusu mtu avute hozi ya zamani "ifike".

Baada ya hapo ndipo mafuta yabadilishwe yote. Nunua DOT 4 kwenye chupa ndogo zilizofungwa, usipimiwe kwenye galoni lililokwisha kufunguliwa, na usichukue DOT 5 ya silikoni, haichanganyiki na hayo. Gari likae juu ya magurudumu yake likiwa na mzigo, kwa sababu eksili ikining'inia vali ya mzigo inabana na upepo unabaki nyuma. Anza na gurudumu lenye paipu ndefu kuliko yote, na malizia na nipo ya vali yenyewe kama inayo. Mafundi wengi hawaijui na huiacha na upepo wake. Kikombe kisikauke kati ya kazi. Endelea mpaka kila nipo itoe mafuta meupe, si mpaka povu liishe tu. Kwa gari la safari, rudia kila mwaka kabla ya msimu wa Juni.

Sasa robo ya ukweli wa bosi. Gari kama lako likijaa linaweza kufika tani tatu na nusu. Likishuka mita 600, kama kina cha kreta kutoka ukingoni, na breki zikaachiwa kazi yote, joto linalozalishwa linatosha kuchemsha lita 60 za maji ya bombani. Hakuna diski inayopenda hivyo. Kona za Mto wa Mbu zina lami nzuri, na lami nzuri inamdanganya dereva ashuke na gia ya nne huku mguu umelala juu ya pedali. Shuka gia kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake. Kanyaga kwa nguvu mara moja, punguza mwendo, achia kabisa ili zipoe, kisha rudia. Kreta yenyewe teremka na gia nzito. Wala usiweke nyutro, hata kama bosi anahesabu dizeli.

Na ikitokea tena kabla ya matengenezo, ulivyofanya ni sawa: pampu haraka, shusha gia moja moja, vuta handibreki polepole huku kitufe umekibonyeza usije ukafunga matairi ya nyuma. Ukipata ukuta wa mlima, uegemee. Ukishasimama, usimwagie diski maji, zitapasuka.

Ukimaliza, niandikie vipimo vya joto vya magurudumu yote manne, mafuta ya kalipa yalikuwa na rangi gani, na picha ya fimbo ya vali gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Kama gereji itakwambia vali haikuhusu, picha hizo mbili mpe bosi azione mwenyewe.